Kitu Kilichotengenezwa

Ukitaka kujua kama duka fulani la Mwanjelwa lina dawa, usimuulize mwenye duka, na usitumie neno hirizi. Muulize jirani yake. Atatazama pembeni, atapunguza sauti kidogo, kisha atasema kwamba duka lile limetengenezwa. Mwenye lori la mbao wa Mafinga atasemwa kwamba amejikinga. Kijana aliyerudi kutoka Tunduma na mtaji wa ghafla, huyo ana fundi wake. Nyumba mpya ya Uyole, yenye bati jekundu na geti la chuma, imezindikwa kabla mwenyewe hajahamia.

Sikiliza vizuri hayo yote. Limetengenezwa, amejikinga, imezindikwa. Vitenzi vimejaa, nomino haipo. Hakuna aliyetaja pembe, wala kibuyu, wala kitambaa cheusi kilichofungwa uzi mwekundu na kufukiwa kizingitini. Kutoka Iringa mjini hadi Mbeya, barabara nzima ile ya nyanda za juu, nimezoea kusikia habari hizi zikisimuliwa kwa saa nzima bila kitu chenyewe kupewa jina. Kinachotajwa ni kazi iliyofanyika na mtu aliyeifanya. Sura hii inahusu hilo pengo: kwa nini watu wenye vitu vingi vya kuheshimiwa na kuogopwa hawakujali kuwa na neno moja la kuviita vyote, na ni nani waliokuja na maneno ya kuviita vyote.

Pwani, hata hivyo, majina yapo tele. Hirizi limetoka katika Kiarabu, ambako hirz ni hifadhi au mahali pa kujikinga, na hirizi ya kitabuni ni karatasi yenye maandishi iliyoshonewa ndani ya ngozi. Talasimu nalo limepita katika Kiarabu, lakini asili yake ni Kigiriki. Kombe ni maandishi yaliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yakaoshwa kwa maji, yakanywewa. Fingo ni kile kinachofukiwa ardhini ili kulinda nyumba, mji au shamba. Kago hukaa shambani, na mwizi wa minazi akipita juu yake, ole wake. Zindiko ni la kuimarisha mahali kabla hapajaanza kutumika. Tunguri ni kibuyu cha mganga, na magazeti yetu yamelipanua neno hilo hadi polisi wakikamata mfuko wowote wenye vitu vya ajabu, kesho yake utasoma kwamba mtuhumiwa alikutwa na matunguri, hata kama ndani hamna kibuyu hata kimoja.

Ukiyatazama majina haya, kila moja linabana sana. Linakuambia kitu kinakaa wapi, kimefanywaje, kinafanya nini. Fingo likichimbuliwa na kuvaliwa shingoni, si fingo tena. Hata pwani basi, penye utajiri wote huo, halikupatikana neno la jumla.

Baadhi ya majina hayo yalipanda mlima pamoja na misafara ya wafanyabiashara katika karne ya 19. Hirizi lilifika likabadilika. Huku juu wengi husema irizi, au ilizi, na maana yake imelegea: chochote kinachofungwa kiunoni au mkononi, hata kipande cha mzizi kisicho na herufi hata moja, ni irizi. Mwalimu wa madrasa wa Bagamoyo angekataa. Lakini maneno yakishapanda milima hayamsikilizi mwalimu.

Waliotafuta neno la jumla walikuwa Wazungu, na walilipata mbali na hapa. Mabaharia Wareno walipofika pwani ya Afrika Magharibi katika karne ya 15 waliona watu wakivaa, wakiapia na kuvipa heshima vitu mbalimbali, wakaviita kwa neno walilokuwa nalo nyumbani la mambo ya wachawi: feitiço. Neno hilo lina mzizi wa Kilatini, facticius, yaani kilichofanywa kwa mkono, kilichotengenezwa. Mwaka 1760 Mfaransa Charles de Brosses alilichukua akalijengea nadharia nzima kuhusu dini za watu wa kale, kwamba mwanadamu alianza kwa kuabudu vitu. Mwaka 1867 Karl Marx akaligeuza kibao: katika kitabu chake cha Mtaji alisema ni Ulaya yenyewe inayoipa bidhaa nguvu za ajabu, kana kwamba kanzu na kitani vina uhai na vinafanya biashara vyenyewe kwa vyenyewe. Lugha nyingi za Ulaya zina neno hilo leo. Kiswahili hakina, na wafasiri wetu wanapokutana nalo huhangaika.

Mreno na jirani wa Mwanjelwa wamekutana mahali pamoja bila kujuana: kitu kilichotengenezwa, duka lililotengenezwa. Lakini tazama walivyoachana baada ya hapo. Mreno alimwangalia mwenye kitu akamwona mjinga, mtu anayefanya kitu kwa mikono yake kisha anakiogopa. Kitenzi cha Mwanjelwa hakimwachi fundi nyuma. Ukisema duka limetengenezwa, swali linalofuata liko tayari kinywani mwa msikilizaji: na nani? Kisha: kwa masharti gani? Hakuna anayedhani kwamba kile kipande cha mti kina nguvu zake chenyewe. Nguvu ni ya mtu aliyekichuma, saa aliyokichuma, maneno aliyoyasema, na miiko ambayo mteja ameahidi kuishika. Mteja akivunja mwiko, mti unabaki kuwa mti, naye hana wa kumlaumu.

Lugha za wenyeji zinasema hivyohivyo, tena kwa ufupi zaidi. Mhehe ana mugoda. Mnyakyusa ana unkota, na wingi wake imikota. Yote mawili ni dawa: dawa ya tumbo, dawa ya shamba, dawa ya vita, dawa ya kumroga jirani. Msafwa wa milima inayozunguka jiji la Mbeya anasema onzizi, na hapo hata asiyejua Kisafwa atasikia mzizi, maana dawa ni mizizi kwanza, mengine baadaye. Alan Harwood, Mmarekani aliyeishi kati ya Wasafwa miaka ya mwanzo ya 1960 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1970, alikuta kwamba wao wanatenganisha vitu viwili. Kuna onzizi, ambayo mtu yeyote anaweza kununua, kufundishwa na kutumia. Na kuna itonga, nguvu iliyomo ndani ya mtu mwenyewe, isiyohitaji kitu chochote cha kushika. Harwood alisisitiza kwamba itonga si mbaya wala si nzuri: wapo wanaoitumia kulinda na wapo wanaoitumia kuua, na kinachoamua ni nani amemfanyia nani. Kumfanyia mtu wa ukoo wako na kumfanyia mtu wa nje ni mambo mawili tofauti kabisa.

Wanyakyusa walilieleza jambo hilo kwa mtindo wao. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake Unyakyusa miaka ya 1930, aliambiwa kwamba wachawi wana chatu tumboni, na kwamba abamanga, yaani walinzi wa kijiji wanaowaona wachawi ndotoni na kupigana nao usiku, nao pia wana chatu tumboni. Chatu ni walewale. Kijiji hakikuwapima watu hawa kwa kilichomo tumboni, bali kwa kazi waliyokifanyia. Chifu naye alinyweshwa dawa yake maalumu, ifingila, ili apate ubusisya, ule utisho unaomfanya mtu aingiapo baraza linyamaze. Ifingila na fingo la pwani yanasikika kama ndugu. Hayo nawaachia wanaisimu wagombane.

Kwa hiyo neno dawa, kwa watu wa huku, halikuwahi kuwa na upande. Mfano mkubwa kuliko yote ulitoka chini, upande wa Mto Rufiji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji mwaka 1905, na maji yale yalikuwa maji ya kawaida mpaka yalipotoka mkononi mwake au mkononi mwa hongo, mjumbe wake. Septemba mwaka huohuo yalishafika kwa Wabena, nao chini ya Mbeyela wakaivamia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Wahehe, majirani zao, hawakuingia vitani. Maji yalikuwa yaleyale, lakini Uhehe hawakuyapokea kama dawa.

Kuna hesabu moja ninayoipenda kuliko nadharia zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vijana wa mchape, waliovaa kizungu na kubeba vioo, walitoka Nyasaland wakapita katika nchi za jirani wakiwanusa wachawi. Wakifika kijijini, watu hutakiwa kusalimisha pembe na vibuyu vyao vyote, na lundo huachwa njiapanda ili kila apitaye aone. Mwingereza Audrey Richards alikuwa Ubemba, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini-magharibi, akapata nafasi ya kulichambua lundo moja pamoja na wenyeji, pembe moja baada ya nyingine. Zilikuwa 135. Wenyeji walikubaliana kwamba 11 ndizo zilizokuwa za uchawi wa kuangamiza bila ubishi. Nyingine 124 zilikuwa na dawa za kawaida, zile za kila nyumba. Zilikuwa juu ya lundo kwa sababu wenyewe waliogopa kukutwa nazo. Asubuhi ya jana yake zilikuwa dawa. Vijana walipowasili zikawa ushahidi.

Hapo ndipo maneno ya jumla yanapozaliwa. Yanazaliwa anapofika mtu mwenye mamlaka ya kukusanya.

Mimbari ilileta lake. Wamoravia walijenga Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka huohuo. Neno ambalo wahubiri wa huku wanalipenda leo, ushirikina, ni la Kiislamu tangu mzizi wake: ni shirki, kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Limehamia katika makanisa ya Iringa na Mbeya bila kubatizwa, na Mlutheri anayelitamka Jumapili hana habari kwamba ameazima msamiati wa msikitini. Biblia ya Kiswahili ya Union ilipofika kwenye vile vitu Raheli alivyoviiba kwa baba yake Labani, ilitumia neno vinyago. Neno hilohilo sasa linauzwa kwa watalii kama sanaa ya Wamakonde, na hakuna anayeona ajabu.

Mahakama nayo ikaleta la kwake. Sheria ya Uchawi ilitungwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1928, na leo ni Sura ya 18 ya Sheria za Tanzania. Inazungumzia kifaa cha uchawi, na ukisoma tafsiri ya kifungu hicho utaona waandishi wake walivyohangaika kukizungushia ua kitu kisichokuwa na jina. Kifaa cha uchawi ni kitu chochote kinachotumika, au kinachokusudiwa kutumika, au ambacho watu kwa jumla wanaamini kina uwezo wa kumzuia mtu asifanye jambo la halali, au kumlazimisha, au kumfichua mhalifu, au kuua, au kuleta maradhi, au kumtia mtu hofu, au kuleta matukio ya asili kwa njia isiyo ya asili. Mwishoni zimeongezwa na dawa. Uzito wote umewekwa juu ya kuaminiwa: jiwe la kawaida likiaminiwa na kijiji kizima, linatosha kumpeleka mtu kizuizini. Wakoloni waliokuwa wakitucheka kwa kuamini vitu walitunga sheria inayokipa kitu sura yake ya kijinai kutokana na imani ya watu. Na kile kipengele cha matukio ya asili, ukikisoma kwa makini, kinamgusa kila mtu aliyewahi kuomba mvua kwa tambiko, machifu wakiwemo, ambao serikali hiyohiyo ilikuwa ikiwalipa mshahara.

Nisieleweke kwamba nakisifu kimya cha Mwanjelwa. Neno lisilo na upande lina gharama yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mbeya na Mbozi zilitikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Baadaye, hasa kanda ya Ziwa, yakafuata mauaji ya watu wenye ualbino, mpaka Januari 2015 Mathias Chikawe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Walioua hawakusema wanaua. Walisema wanatafuta dawa. Neno lile la bibi anayechemshia mjukuu majani ya mwarobaini lilitumika kumfunika mtu aliyemkata binti mkono. Hapo mtu anatamani kamusi iwe kali zaidi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilijaribu kuchora mstari, mganga asajiliwe, mchawi abaki upande wa Sura ya 18, na viongozi wa serikali wakaongeza msemo wao, ramli chonganishi, wenye kukiri kimyakimya kwamba ipo na ramli isiyochonganisha.

Kwenye mpira mambo ni mepesi kidogo, na lugha inacheza. Klabu haina mganga, ina kamati ya ufundi, na mtu mgeni anaweza kudhani ni watu wa mazoezi ya viungo. Bodi ya Ligi inajua wanaozungumziwa. Timu ikikataa kupita mlango rasmi wa uwanja na kuruka ukuta, ikisusia chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu kimemwagiwa kitu, taarifa ya adhabu itasema ni vitendo vinavyoashiria imani za kishirikina, na faini italipwa. Kinachoadhibiwa ni kuingia kwa mlango usio rasmi. Ndumba yenyewe, kwa kuwa haikuonekana, haiwezi kuandikwa kwenye ripoti ya kamishna. Sokoine ya Mbeya na Samora ya Iringa zimesikia hadithi za kutosha za namna hiyo, na sitaongeza yangu.

Turudi kwenye vitu vizito, vile ambavyo hakuna mtu angethubutu kuvipanga fungu moja na ndumba ya golini.

Kimoja ambacho ungetarajia kukikuta humo hakimo. Kwenye mteremko mmoja wa Mbozi, nchi iliyokuwa mkoa wa Mbeya mpaka Songwe ilipokatwa mwaka 2016, kuna kimondo cha chuma chenye uzito wa tani zipatazo 12 na urefu wa mita 3. Mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa dunia mwaka 1930, na mwaka 1967 kikawekwa chini ya ulinzi wa serikali. Chuma kimedondoka mbinguni, kimelala porini karne nyingi, na wachunguzi wa mwanzo walishangaa kukuta hakina hekaya wala tambiko. Mtu aliyesoma de Brosses angeapa kwamba kitu kama hicho lazima kiabudiwe. Lakini kimondo hakikutengenezwa na mtu, hakikuachwa na babu, hakina masharti. Hakikuwa na wa kumuulizia.

Sasa linganisha na jembe dogo la chuma. Wakinga wa milima ya Livingstone walikuwa wafua chuma, na Wanyakyusa wa mabondeni walilima kwa majembe yao. Katika masimulizi ya Unyakyusa, mababa wa machifu wakubwa, Lwembe na Kyungu, walishuka kutoka Ukinga wakiwa na moto, ng'ombe na chuma, vitu ambavyo wenyeji hawakuwa navyo. Tambiko kubwa la Lubaga, msituni kwa Lwembe, liliwakutanisha makuhani wa Kinga na wa Kinyakyusa, na majembe yaliyotoka mlimani yalikuwa miongoni mwa vitu vyake vya heshima. Chuma kidogo cha Mkinga kiliheshimiwa kwa sababu mlolongo wa waliokigusa unajulikana.

Lwembe mwenyewe ndiye aliyekuwa kitu kitakatifu kuliko majembe yote. Alivyomweleza Wilson, nchi ilikula afya yake: akiugua, mazao yanaugua. Kwa hiyo hakuachwa afe kifo cha kawaida. Maradhi yakimzidi, makuhani walimziba pumzi, na kabla hajatoka roho walimng'oa nywele na kucha wakazifukia kwenye tope la mto, ili rutuba isimfuate kaburini na chakula kibaki juu. Nywele na kucha. Ukizikuta kwa mtu mwingine, utasema huyo anaroga, kwani hivyo ndivyo vitu vya kwanza ambavyo kila mama wa Kitanzania anamwonya mwanawe asivitupe ovyo. Kwenye tope la Lubaga zilikuwa ukuta wa mwisho kati ya watu na njaa. Nimetafuta katika maandishi jina la jumla zililopewa na sikuliona, nami sidhani lilihitajika. Zilikuwa za Lwembe.

Na nywele za Lwembe zinatufikisha kwenye kichwa cha Mkwawa.

Habari yenyewe kila mtoto wa Iringa anaijua. Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, alilipiga jeshi la Emil von Zelewski pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Wajerumani walirudi, wakaibomoa ngome ya Kalenga Oktoba 1894, kisha wakamwinda kwa karibu miaka minne na kuahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, pale Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi, na askari wa Kijerumani waliofika walikikata kichwa wakakibeba.

Kilichofuata hakifundishwi vya kutosha. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Horace Byatt, aliyekuwa akiisimamia nchi kwa niaba ya Waingereza, aliwashauri wakubwa wake London kwamba fuvu lirudishwe. Wahehe watafurahi, na watapata uthibitisho wa kushikika kwamba Mjerumani ameshindwa. Ushauri huo ukaingia katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, katikati ya hesabu za makaa ya mawe, meli na fidia. Ibara hiyo inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi 6, ikabidhi vitu viwili: Msahafu wa asili wa Khalifa Othman, urudishwe kwa Mfalme wa Hijazi, na fuvu la Sultani Mkwawa, wapewe Waingereza.

Huwa naisoma ibara hiyo nikicheka peke yangu. Mataifa yaliyokuja kutuandikia sheria dhidi ya kifaa chochote kinachoaminiwa na watu yalikaa kwenye ukumbi wa vioo yakatambua, kwa saini na mihuri, kwamba kitabu kimoja na mfupa mmoja vina uzito wa kuwekwa ndani ya mkataba wa amani ya dunia. Byatt hakuliita fuvu lile kifaa cha uchawi. Alijua tu, kama fundi yeyote ajuavyo, kwamba likitoka mkononi mwake litafanya kazi.

Lilichelewa. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen, lenye mafuvu yapatayo 2,000, ambamo 84 yaliandikwa kwamba yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalipimwa urefu na upana, vipimo vikalinganishwa na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na mwishowe likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954, Kalenga, Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama ndilo. Shaka hiyo ina nguvu Bremen kuliko Kalenga. Fuvu lililokuwa na namba kwenye rafu lilipokewa mbele ya ukoo, likapewa jina na nyumba, na kipimo cha Twining kikaisha kazi siku ile.

Leo limewekwa ndani ya kioo kwenye makumbusho ya Kalenga, mwili ukiwa umezikwa Mlambalasi. Kuna wanaosema lizikwe, na kuna wanaosema likizikwa wajukuu hawatalijua. Kiswahili kinatuachia neno fuvu, neno la daktari, lisilo na heshima wala dharau. Watu wa Uhehe wanaotaka kuonyesha heshima hawatafuti nomino bora. Wanabadilisha namna ya kusimama mbele yake.

Adam Sapi aliyelipokea alikuja kuwa Spika wa Bunge la Tanganyika na baadaye la Muungano, na ukiondoa miaka miwili hivi, alikikalia kiti hicho kuanzia 1962 hadi 1994. Kila alipoingia ukumbini alitanguliwa na mpambe aliyebeba siwa. Neno hilo ni la pwani. Siwa zilikuwa baragumu kubwa za watawala wa Pate na Lamu, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, hazikupulizwa ila kwa ruhusa na katika siku kubwa, na mtawala aliyepoteza siwa yake alihesabiwa kwamba amepoteza na mji. Siwa ya Bunge haipulizwi. Ni rungu la heshima kwa mtindo wa Westminster, lenye jina la Pate, lililotangulia mbele ya mjukuu wa Mkwawa kwa takriban miaka 30, na wabunge wote walisimama lilipopita, kama walivyosimama na wale waliokuja kupitisha sheria ya kudhibiti waganga.